Feni Elfu Tisini

"Tushindwe."

"Unasemaje?"

"Nimesema tushindwe. Tushike nafasi ya tatu, ya nne, yoyote. Tuwapigie wenzetu makofi, tupande basi, turudi nyumbani."

"Wewe una wazimu. Imebaki raundi moja."

"Ndiyo maana nakwambia sasa hivi."

Dada yangu aliangalia mlango wa ngazi kama kuna mtu, halafu akashusha sauti. "Tuko wa pili. Unajua maana ya kuwa wa pili kati ya vyuo vinane, kila chuo na nchi yake?"

"Umesoma kile kibao pale penye maji ya kunywa?"

"Kibao gani?"

"Washindi wanasaini fomu mbele ya mwanasheria. Vitambulisho vinakaguliwa upya, kimoja kimoja. Picha zinatumwa chuoni kwenu."

Tulikuwa kwenye ngazi za dharura nyuma ya ukumbi, mapumziko ya dakika kumi na tano, na mimi kijasho chembamba kilikuwa kinanishuka mgongoni tangu asubuhi. Dada ni mwaka wa mwisho chuoni na ndiye kiongozi wa timu. Mimi si mwanafunzi wa chuo chochote. Niliacha shule nikiwa na miaka kumi na tano, siku hizi napanga mizigo kwenye stoo ya vifaa vya umeme. Lakini shingoni nilikuwa nimevaa kitambulisho chenye picha ya mtu mwingine.

Mwenyewe wanamwita Padri, kwa sababu haongei. Siku mbili kabla ya mashindano alipasuliwa kidole tumbo. Sheria ni watu wanne, mkipungua mnatolewa, na majina yalishafungwa mwezi mzima nyuma. Dada alikuja nyumbani siku ile, akanitazama mezani nakula, akanitazama tena, akasema, "Nyoa nywele." Padri ananyoa upara, na pua zetu zinafanana. Nikanyoa. Sikuuliza hata swali. Huo ndio ubaya wangu, mtu akiniambia twende nishavaa viatu.

"Jana walishakagua," dada akasema.

"Jana alikagua yule jamaa anayetafuna bigijii, hata uso hakuinua. Leo ni mwanasheria."

"Mshindi anapata mwaka mzima wa mafunzo ya kazi nje. Mimi hii nafasi nimeisubiri tangu mwaka wa kwanza."

"Na wakikufukuza? Imebaki miezi minne umalize. Mama utamwambia nini?"

"Usimtaje mama."

"Namtaja. Ameshawaambia majirani wote unamaliza."

Akanishika kola, siyo kwa hasira sana, kama anainyoosha. "Wewe kazi yako ni moja. Miwani anakunong'oneza namba, unaandika. Basi. Usifikiri."

Tukarudi ndani.

Mchezo wenyewe ni hivi. Meza nane, kila meza ni kampuni ya kubuni ndani ya kompyuta. Zote zinatengeneza feni, zote zinagombania wateja walewale ambao hawapo duniani. Raundi moja ni mwaka mmoja. Mnaamua bei, matangazo, wafanyakazi na idadi ya feni za kutengeneza, mnabonyeza kutuma, kompyuta inawaambia nani kauza na nani kakwama na mzigo. Raundi sita, mwisho. Mimi nilikaa kiti cha Padri, kiti cha uzalishaji. Kulia kwangu Miwani, ambaye ndiye kichwa cha timu, kijana mwembamba anayeongea na kikokotoo kuliko na watu. Kushoto dada. Mbele yetu binti wa matangazo, mcheshi, ila siku ile hata yeye alikuwa anakula kucha.

Msimamizi mkuu alikuwa mama mmoja mrefu, viatu vya raba visivyo na sauti. Hicho ndicho kilichonimaliza. Ungekuwa umeinama, ukiinua macho yuko nyuma yako, amefunga mikono, anasoma kitambulisho chako.

"Padri," Miwani akaninong'oneza kwa jina la kitambulisho, "acha kutikisa mguu. Meza nzima inatikisika."

"Sitikisi."

"Unatikisa. Maji yangu yanacheza."

Habari ya soko ikatokea kwenye kioo kikubwa. Mwaka wa sita: joto litakuwa fupi, wateja wanatarajiwa kupungua. Ukumbi mzima ukaguna, halafu kalamu zikaanza kukimbia. Niliangalia meza za wenzetu. Wote walikuwa wanafanya kitu kimoja, wanafuata kanuni moja iliyo kwenye kitabu kimoja, wanapunguza.

Miwani akapiga hesabu mara tatu. "Elfu ishirini na nane. Andika."

"Elfu ishirini na nane," dada akarudia, kama anaombea.

Nikaweka vidole kwenye vitufe. Saa ya ukutani ilikuwa imebakiza sekunde hamsini. Mama wa raba alikuwa meza ya tatu, anakuja kwetu. Nikaona picha yote: mwanasheria ameshika kitambulisho, ananiangalia, anaangalia picha, ananiangalia. Dada amesimama pembeni na begi lake. Mama mlangoni anauliza mbona umerudi mapema.

Stoo kwetu nimeona biashara inavyokufa. Haifi kwa kukosa mali. Inakufa kwa mali iliyojaa hadi darini, vumbi juu yake, hakuna wa kuinunua. Basi nikasema hapa ndipo pa kuiulia hii kampuni. Nikaandika elfu tisini. Nikabonyeza kutuma.

Miwani alitoa sauti kama mtu aliyekanyagwa. "Umeandika nini? Umeandika nini wewe?"

"Nimekosea."

"Hukukosea tisini. Tisini haikosewi."

Binti wa matangazo alifunika uso kwa mikono miwili. Dada alinitazama tu, machozi yamejaa, hayadondoki, na nikajua ameelewa vizuri kabisa kwamba nimefanya kusudi. Nikamfinya kiganja chini ya meza. Akauvuta mkono wake.

Robo saa ya kusubiri matokeo ilikuwa robo saa nzuri kuliko zote za siku ile. Nakwambia ukweli. Niliwaza basi, niliwaza kiti cha dirishani, niliwaza nikifika nitalala. Dada angeninunia mwezi, hata miwili. Angenuna akiwa bado mwanafunzi.

Kioo kikawaka.

Wateja walikuwa wamepungua, ndiyo, lakini kidogo tu. Wenye meza ndio waliopunguza sana. Kampuni saba zimekata uzalishaji hadi nusu, nyingine zaidi, na joto lilipokuja, fupi hivyohivyo, feni hakuna sokoni. Feni zilikuwa kwetu. Zote elfu tisini zimeuzwa, haikubaki hata moja ya kupepea pazia. Tumetoka wa pili tumekuwa wa kwanza, na anayetufuata yuko mbali huko.

Miwani akanikumbatia mpaka miwani yake ikaniumiza shavu. "Fala wewe," ananiambia sikioni, analia, anacheka. "Fala mtakatifu." Binti wa matangazo alikuwa amepanda juu ya kiti. Mimi nilibaki kitini.

"Uzalishaji," sauti ya mama wa raba ikasema nyuma yangu. Ana kipaza sauti mkononi. "Huu uamuzi ni wa nani?"

Vidole vyote vikanielekea.

"Hebu tueleze, kijana. Wenzako wote walipunguza. Wewe ulifikiria nini?"

Kipaza sauti kilinasa pumzi yangu, nikasikia ikirudi kutoka ukutani kama ya mnyama. "Watu wakiogopa kuagiza," nikasema, "wanaogopa wote siku moja. Halafu mteja anakuja, anazunguka, hakuna. Yule mwenye mzigo anauza mpaka boksi bovu. Stoo kwetu ilishatokea."

Mguu wa dada ukanikanyaga chini ya meza.

"Stoo kwenu?"

"Ya mjomba," nikasema. "Huwa namsaidia likizo."

Akanitazama. Halafu akatabasamu, akawageukia wengine. "Mmesikia? Haya hayamo kitabuni." Wakapiga makofi. Nami nikapiga, sijui nampigia nani.

Chumba cha kusainia kilikuwa kidogo, hakina dirisha, meza moja ya kijani na feni ya kweli darini haizunguki. Mwanasheria alikuwa mzee mfupi mwenye upole wa daktari wa meno. Miwani akasaini, akatoka. Binti akasaini, akatoka. Dada akasaini, mkono umekaza, akasimama pembeni akanisubiri.

"Na wewe, shujaa," mzee akasema. "Kitambulisho niachie hapa. Soma kwanza, kisha saini kila ukurasa."

Nilisoma. Nasoma polepole, lakini nasoma. Mimi niliyetajwa hapa juu naapa kwamba ndimi mwenye jina hili. Chini yake kwa herufi ndogo: atakayesaini kwa jina lisilo lake atakabidhiwa polisi siku hiyohiyo.

Mzee alikuwa anatafuta miwani yake ya kusomea kwenye mkoba, kitambulisho cha Padri kimelala mbele yake chali. Nikahesabu. Nisiposaini, atauliza kwa nini, na dada kwisha. Nikisaini, huenda pua ikatosha. Pua ilishatosha siku mbili. Nikajikaza kisabuni, nikashika kalamu. Ncha ikagusa karatasi, ikainuka, ikagusa tena, ikaacha vidoti.

Dada alikuwa amesogea, anasoma juu ya bega langu. Nilisikia pumzi yake ikikatika alipofika kwenye herufi ndogo.

"Usisaini," akasema.

"Toka nje, dada."

Ndiyo, nilimwita dada. Mbele ya mwanasheria. Padri hana dada. Mzee alikuwa bado ana mkono mkobani, lakini mkono ulikuwa umeacha kutafuta.

"Lete hiyo," dada akasema.

"Dada, tafadhali. Miezi minne tu."

"Mimi nitafukuzwa. Wewe utafungwa." Alisema kwa sauti ya kawaida, kama anapanga nani aoshe vyombo. "Siendi nje mwaka mzima huku mama anakuletea chakula rumande. Lete."

Akanitoa kalamu vidoleni, kidole kimoja kimoja, kama tulivyokuwa tukinyang'anyana vitu utotoni. Akachukua fomu. Mzee alishapata miwani yake, ameivaa, anatuangalia wote wawili, anatuangalia pua.

"Mheshimiwa, yeye hajaandika kitu," dada akamwambia. "Naomba uone mwenyewe kwamba hajaandika kitu."

"Naona vidoti," mzee akasema taratibu.

"Vidoti si jina."

Nikataka kusema niliiba kitambulisho, nilimlazimisha, chochote. Kupitia mlangoni nilimwona mama wa raba mwisho wa ukumbi, amesimama jukwaani na maua, anaangalia saa yake, anatusubiri.

"Kaa hapa," dada akaniambia. "Usinifuate."

Akageuka na ile fomu mkononi, akamwendea mama wa raba kumwambia yote.