Anayeonja Kwanza

Mimi Mukagasana, mama wa pombe ya ndizi hapa Giheke, sikutaka kupeleka pombe kwenye mazishi ya Valens. Ni Vénantie, mjane wake, alikuja mwenyewe mpaka mlangoni.

"Maman Mukagasana, batu bakitoka kaburini bananawa mikono, banakunywa. Nitabapa nini, maji?"

"Lakini daktari alisema ni ini ndiyo imemuua! Ni pombe yangu hii hii!"

Akanionyesha jerikani kwa kidole. Nikabeba jerikani, ningefanya nini?

Zamani Valens alikuwa analimia batu kule Nzahaha. Mfuko mtupu, kikombe kimoja, analala. Kahawa yake ilipoanza kuzaa, ndipo akaanza kuja kwangu asubuhi, kabla ya chai. Na mimi nikafurahi, mjinga mimi! Mukengere mnunuzi wa kahawa naye anakunywa, tena sana, ila akisikia tumbo anavuka Bukavu kwa daktari. Valens alisikia tumbo, akaja kwangu kutuliza maumivu. Nikamimina. Banaume ba kilima chetu banaisha, na nyumba yangu iko na bati mpya.

Basi, tulitoka kaburini, tukanawa. Kwetu mwenye pombe anaonja kwanza, batu baone haina sumu. Asipoonja, amejiita mchawi. Miaka yote nimeonja bila kuwaza. Siku hiyo nikainua kibuyu, nikakishusha bila kuonja.

"Onja basi, Maman, kiu inatuua!" Twagirayezu, mteja wangu wa kila siku, akatania. Macho yake yamegeuka manjano, kama yale ya Valens.

Batu bakacheka, halafu bakaacha kucheka, bakaanza kutazamana.

"Sionji," nikasema. "Iko na sumu. Ndiyo imemuua Valens."

Mungu wangu! Ndugu ya Valens akasimama na fimbo. "Mchawi! Amesema mwenyewe!"

Ndipo Vénantie akainuka kwenye mkeka. Yeye ni mulokole, mtu aliyeokoka, hajagusa pombe tangu azaliwe. Akaninyang'anya kibuyu, akanywa, akakohoa mpaka machozi yakamtoka.

"Haina sumu," akasema. "Muache huyu mama."

Ndugu akakaa. Vénantie akanirudishia kibuyu mkononi, akabaki ananitazama. Nilitaka ardhi inimeze. Twagirayezu alikuwa wa kwanza kunyoosha kikombe.

Nikamimina.