Sahani ya Alhamisi ya Clifford Ogden

Clifford Ogden alikuwa amekula samaki mkavu na karela, ile mboga chungu, kila Alhamisi kwa miaka kumi na moja, na hakuna Alhamisi hata moja alipoipenda sahani hiyo. Ukimuuliza mwenyewe atakwambia: ni ujinga wake, asilaumiwe mtu mwingine.

Siku ya kwanza alipoingia kwenye mgahawa huo wa vyakula vya Kihindi aliagiza kuku wa tikka masala, kama Mwingereza yeyote wa mji wa Accrington mwenye akili timamu. Mhudumu akachanganya sahani, akamletea chakula cha jioni cha wapishi. Samaki alikuwa ananuka, na karela ilikuwa chungu kama dawa ya minyoo. Bwana Muktadir, mwenye mgahawa, alipotoka jikoni mbio kuja kuomba radhi, alimkuta mzungu anatafuna. Akamuuliza kama chakula ni kizuri. Sasa, sisi huku kwetu Accrington, mtu akituuliza kama chakula ni kizuri, tunajibu kabla ya kuonja. Hata nywele ikiwa imo, tutasema ni kizuri sana, tutashukuru, kisha tutanung'unika njia nzima mpaka nyumbani. Clifford alisema hajawahi kula kitu kitamu namna ile.

Basi, akawa amejichimbia kaburi. Tangu hapo, kabla hajakaa vizuri kwenye kiti, sahani inatua mbele yake. Hakuhama mgahawa kwa sababu angeonekana mkorofi. Hakuagiza kingine kwa sababu ileile. Kila wiki alibana pumzi, akateremsha kila tonge kwa maji, na njiani akajiita mpumbavu kwa sauti.

Alhamisi hii hakuja peke yake. Alikuja na Hilary Ashworth, muuguzi mstaafu aliyekuwa akitoka naye tangu Pasaka. Jumapili iliyopita, wakiosha vyombo, Clifford alimwomba waoane. Hilary alimwambia ampe siku nne, jibu atampa wakila kwenye huo mgahawa anaousifia kila siku. Kwa hiyo Clifford alikaa pale na tai shingoni, miaka sitini na mbili.

Sahani ikatua. Hilary alimtazama akibana pumzi, akimeza, akikimbilia maji. Alitazama mara tatu. Miaka thelathini ya kuwanywesha watoto wa shule dawa ilikuwa imemfundisha kuitambua sura ile. Akamuuliza polepole kama anakipenda chakula hicho, na Clifford, kwa kuwa alikuwa anampenda, akamweleza yote.

Hilary hakucheka. Akaweka uma mezani.

"Cliff, mimi nilikaa miaka kumi na tisa na mwanaume aliyeniambia kila kitu ni sawa. Chakula sawa, nyumba sawa, mimi sawa. Siku moja nikakuta kabati lake la nguo tupu. Siwezi kuyarudia hayo, mpenzi. Mwambie mwenye mgahawa ukweli. Ukishindwa, mimi naita teksi."

Bwana Muktadir huyo anakuja, amefunga mikono nyuma, anapita meza hadi meza kama kawaida yake. Clifford alitamani ardhi ipasuke. Alifikiria kuzimia, lakini hakujua watu wanaanzaje.

"Mambo safi hapa, rafiki yangu?"

"Safi kabisa, asante," mdomo ukasema wenyewe. Hilary akachukua mkoba wake.

"Hapana," Clifford akasema. "Bwana Muktadir, sikipendi. Nisamehe. Tangu siku ya kwanza sikipendi."

Bwana Muktadir akavuta kiti, akakaa. Akaeleza kwamba, tangu siku ile ya kwanza, sahani ile haipikwi pale mgahawani hata kidogo. Mkewe huipika nyumbani kila Alhamisi, kwa ajili ya Clifford peke yake, na ndugu zake wote kule kwao Sylhet wanajua yuko Mwingereza mmoja mwenye ulimi wa kwao. Hakusema kwa hasira, na hilo ndilo lililomuumiza Clifford zaidi. Kisha akainuka, akaondoa sahani, akarudi na kuku wa tikka masala, mwekundu, anatoa mvuke.

Miaka kumi na moja Clifford alimwota kuku huyu. Akatia tonge kinywani. Lo! Ilikuwa sukari na malai tu, kama uji wa mtoto anayeota meno. Alitafuna akingoja uchungu uje, haukuja. Ulimi wake ulikuwa umeharibiwa, au umefunzwa, yeye hakujua. Alichojua ni kwamba anaitaka ile sahani iliyoondoka.

Akamwita Bwana Muktadir, akamwomba amrudishie samaki wake. Yule bwana akacheka kwa upole, akampiga begani, akamwambia asijali, hajaudhika, ale kuku wake kwa raha.

"Lakini nasema kweli," Clifford akasisitiza.

"Najua, najua, bwana," akajibu Muktadir, akaenda meza nyingine.

Clifford akageuka. Hilary alikuwa amesimama, mkoba begani, uso umemshuka.

"Dakika tano tu, Cliff. Ulijitahidi dakika tano, ukarudi kulekule."

Uoga ukamshika kweli, ule wa kukosa kitu ambacho hutakipata tena. Nani angemwamini, mtu aliyesema kila kitu ni kizuri maisha yake yote? Akatafuta jambo ambalo mtu mwenye adabu hawezi kulisema.

"Hilary, hilo koti lako la zambarau ni baya. Baya mno. Unafanana na sofa."

Hilary akalitazama koti lililotundikwa kwenye kiti.

"Nililinunua jana," akasema. "Kwa ajili ya leo."

"Nilikisia."

Hilary akabana midomo. Halafu mabega yakaanza kumtikisika, akacheka mpaka akalazimika kukaa, akajifuta macho kwa kitambaa cha meza.

"Haya, nimekubali, tuoane," akasema. "Na siku hiyo nitalivaa hili hili koti, utake usitake."

Clifford, kwa furaha iliyomjaa, akamwambia litampendeza sana.