Mzunguko wa Kumi na Tatu

Bertin, fundi wa kuchomea vyuma hapa Likasi, alitaka kumwoa binti yangu Danielle. Mimi nilikuwa sijakubali. Lakini yeye, bila aibu, alikuwa ameshaanza kunikimbia! Kwetu mkwe na mama-mkwe hawaangaliani usoni. Wakiwa na neno, wanapitia kwa mtu mwingine. Kila aliponiona sokoni, aligeukia ukuta. Nani alimwambia nimekuwa mama-mkwe wake? Basi nikawa namkodolea macho makusudi, kama ninayechagua nyama.

Nikamwambia Danielle: "Atengeneze kwanza vyuma vya dirisha langu. Vikiwa vibaya, arudi kwao Kakanda." Nilitaka nondo tisa za pembe nne, zilizosokotwa, kila moja mizunguko kumi na miwili.

Siku ya tatu nikaenda kumchungulia kazini. Alikuwa ameibana nondo kwenye étau, kile kibanio cha chuma cha mezani, ameshika mpini mrefu kwa mikono miwili, anazungusha huku akihesabu kwa sauti: "Saba... nane..." Nikasema bonjour. Akaacha mpini, akaficha uso nyuma ya bati. Nikamtazama mgongo mpaka nikachoka, nikaenda zangu.

Jumamosi akaleta dirisha. Jamani, lilikuwa zuri! Nilikasirika kwa jinsi lilivyokuwa zuri. Nikaanza kuhesabu kwa kidole, nondo moja moja. Ya sita: kumi na tatu! Na chini ilikuwa haifiki, alikuwa ameiunga kipande.

"Haa! Danielle, muulize huyu, hii ni nini?"

Bertin akajibu, pua yake karibu inagusa ukuta: "Danielle, muambie maman, nondo ukiisokota zaidi inakuwa fupi. Ile nilizidisha muzunguko moja."

"Muulize, juu ya nini alizidisha?"

Jasho likamtiririka nyuma ya masikio.

"Muambie maman... nilipoteza hesabu."

"Muntu mwenye hajue kuhesabu mpaka kumi na mbili, atalisha watoto wangapi?" Nilifurahi, nisiseme uongo. Nilikuwa nimemweza.

Hapo Danielle akalipuka. "Maman, basi! Ni weye ulifika pale kazini! Aliacha mpini juu ya heshima yako. Kurudia, hakujua kama alifika saba ao nane. Na alinikataza nisikuambie!"

Aibu ilinishika kweli. Huyu kijana angeweza kunisingizia mimi, na isingekuwa hata kusingizia, lakini alikubali aonekane mjinga mbele ya mchumba wake.

Bertin, akitaka kumnyamazisha Danielle, akajisahau, akageuka. Macho yetu yakakutana.

Mimi Angèle, niliyemkodolea macho miezi minne mizima, nikavuta kitambaa usoni, nikageukia ukuta.

Danielle akapiga vigelegele mpaka majirani wakatoka.