Kila Ujumbe Upitie kwa Klementina

Baada ya Harithi kupigwa, Klementina ndiye aliyesema kila ujumbe upitie kwake kwanza. Harithi alikuwa muuza mitumba wa Ruangwa, hana kosa lolote, ila mtu mmoja aliandika kwenye kundi la WhatsApp la kijiji kwamba anaiba watoto. Watu wa kijiji kile cha Kilimarondo, ambao barua ya shule huisoma mara tatu ndipo waiamini, siku hiyo waliamini papo hapo. Jicho lake moja halikupona. Klementina, mwalimu wa kwaya na msimamizi wa kundi, ndiye aliyemfuta damu.

Kwa hiyo kikao cha kijiji kilikubali. Kundi likafungwa, asiandike mtu ila msimamizi; mwenye neno amtumie Klementina, alikague, ndipo alitume kundini. Mzee Amedeus peke yake alinung'unika kwamba midomo ya watu themanini haiwezi kukaa kwenye mkoba wa mtu mmoja. Wakamcheka. Uzushi ukaisha kweli, na Klementina, tusifichane, aliona raha kidogo kuombwa ruhusa.

Jumapili moja, saa moja asubuhi, Amedeus aliona tembo sita wakishuka kuelekea mashamba ya bondeni. Zamani angeandika kundini na kila aliye shambani angekimbia. Sasa alimtumia Klementina, kama kanuni ilivyotaka, kisha akampigia mara nne. Klementina alikuwa kanisani anaimbisha, simu ameizima. Getruda, jirani wa Klementina, hakwenda misa siku hiyo, maana palizi ya ufuta haingoji. Alikuwa bondeni.

Klementina aliusoma ujumbe saa nne, nje ya kanisa, mwili wa Getruda ukiwa umeshaletwa kijijini. Hakulia. Alihisi ganzi tu, na watu walipomwambia ni kazi ya Mungu aliitikia "ndiyo" kama mtu anayejibu karani.

Jioni akaandikiwa na Kipriani, mtoto wa Getruda.

"Shikamoo mwalimu. Naomba kibali nitangaze msiba kundini. Mama ameuawa na tembo. Walionekana saa moja, hatukuambiwa. Mazishi kesho saa nane. Kama kuna neno baya, litoe."

Alirudia kusoma pale penye "hatukuambiwa". Kulitoa ilikuwa kazi ya kidole kimoja, na mwenyewe keshamruhusu. Aliutafuta uchungu ndani yake, hakuuona. Akautuma ujumbe wote kama ulivyo, na chini yake akaandika: "Taarifa ililetwa kwangu. Simu niliizima." Kisha akalifungua kundi, kila mtu aandike atakalo.

Akakaa na simu mapajani. Watu sabini na mmoja walisoma, na hakuna aliyeandika. Baadaye simu ikalia. Haikuwa kundini, ni Prisila wa kwaya, amemwandikia yeye peke yake, anaomba ruhusa ya kusema pole.