Pumzi ya Mstari Mmoja

Mpira wa oksijeni ulikuwa pima tatu na ushei, na kutoka nyuma ya pazia mpaka kwenye kipaza sauti palikuwa pima tano. Nilipima mara mbili kwa mikono yangu mwenyewe, nikitembea jukwaani wakati viti vyote bado vitupu, maana sikumwamini mtu mwingine kwa kazi hiyo. Mara zote mbili hesabu ilikataa. Ama mume wangu angeimba bila hewa, ama mtu angesimama katikati ya jukwaa amekumbatia mtungi mbele ya watu mia sita. Na mtu huyo asingekuwa mimi.

"Umemaliza kupima kaburi?" Orbin aliniuliza. Alikuwa amekaa kwenye kiti cha kukunja, suti yake ya kijivu imempwaya, gitaa limelala mapajani.

"Nyamaza, unamaliza pumzi."

"Pumzi yenyewe ya kumaliza iko wapi?"

Alikuwa na miaka sitini na minane, na ishirini na mitatu ya hiyo aliitumia chini ya mlima akichimba makaa ya mawe. Vumbi lilimjaa mapafuni mpaka yakawa magumu kama soli ya kiatu. Daktari wa kifua alituambia kwamba pumzi iliyobaki ni ya kutoka kitandani kwenda chooni na kurudi, basi, asijaribu makubwa. Na huyu ndiye Orbin Fugate, ambaye Kentucky ya mashariki nzima, bonde kwa bonde, ilimjua kwa sauti moja ya juu aliyoishikilia mpaka watu wakaanza kutazamana kuona nani atavuta pumzi kwanza.

Uso wake ulibandikwa mjini kote. Waliochapa mabango walitumia picha ya alipokuwa na miaka ishirini na saba, mwaka aliponioa, nywele zimelala kwa mafuta na tabasamu la mwizi wa matufaha. Chini yake waliandika: Tamasha la kuwaenzi wakongwe wa muziki wa bluegrass, muziki wa mizizi yetu. Vikundi vilitoka Lexington na mbali zaidi, vijana wenye fidla za bei mbaya na mashati ya shambani ambayo hayajawahi kuliona shamba. Sina ugomvi nao, walipiga vizuri. Lakini mimi ninavyojua, mtu akianza kuenziwa, ujue wameshaanza kumzika.

Tatizo lilitokea saa saba mchana, walipojaribu vyombo. Orbin aliomba wimbo mmoja tu, ule uliomtoa. Estill Ison, rafiki yake wa tangu ujana, alianza na banjo. Orbin akaingia. Beti la kwanza alilisukuma mpaka katikati, akafika pale sauti inapopanda, akafungua mdomo, na hakikutoka kitu. Kisha kikaja kikohozi. Nilimfutia midomo kwa leso na kuikunja upesi ili wengine wasione ule weusi. Wale vijana wa fidla wakatazama viatu vyao.

Binti aliyeandaa shughuli, Paige Whitlow, alipiga magoti mbele ya kiti chake. Ana moyo mzuri binti yule, na ndiyo maana nilitamani kumzaba kibao.

"Mzee Orbin, usijali kabisa. Tutaweka ile sahani yako ya santuri ya zamani. Wewe utasimama tu pale na gitaa, ufungue mdomo kidogo. Hakuna atakayejua."

Estill aliweka banjo chini. "Hata samaki anafungua mdomo, binti yangu. Sijaona anayemkatia tiketi."

Paige aliona haya, akaenda zake. Nilimsikia Orbin akivuta hewa ya mpirani na kuitoa, kuivuta na kuitoa, macho kayatupa sakafuni.

"Nataka kumaliza wimbo mmoja," akasema mwishowe. "Niuanze mwenyewe, niumalize mwenyewe, watu wakiniona. Baada ya hapo niwekeni mnapotaka."

"Twende nyumbani," nikamwambia. "Nimeacha maharage jikoni. Nitakuokea mkate wa mahindi."

"Lovada. Niimbie sauti ya pili. Mabeti mawili tu."

"Usinianze, Orbin."

"Sijakuomba kwa miaka thelathini."

"Basi endelea kutoniomba."

Neno likishatoka halirudi. Niliona uso wake ukijifunga, na nikajichukia. Ila Estill alikuwapo, na mbele za watu mimi sijui kuomba radhi. Nikainama kuhangaika na kibano cha mpira, kibano ambacho hakikuwa na tatizo lolote.

Baba yangu alikuwa mzee wa kanisa la Wabaptisti wa kale. Kwetu haiingii ala yoyote mle ndani, hata kinanda. Mwanamume mmoja husimama akautoa mstari wa wimbo haraka haraka, kwa pumzi moja, nasi tunaupokea na kuuburuta polepole, kila silabi ikipanda na kushuka, hakuna anayemtangulia mwenziwe, mpaka mtoaji atoe mwingine. Hatuna nyimbo za maonyesho. Nilipomwambia baba kwamba naolewa na mpiga gitaa wa vilabuni, hakugomba. Alisema tu kwamba sauti aliyonipa Mungu haikatiwi tiketi. Nikamwapia pale pale kizingitini kuwa nitalala kitanda kimoja na huyo mwanamume lakini jukwaani kwake sitapanda. Nina kichwa kigumu. Miaka arobaini na mmoja nilikishika kiapo kile, hata baba alipokwisha kufa na hakuna tena wa kunidai.

Mwaka wa kwanza Orbin aliniomba kwa utani. Mwaka wa tatu aliomba kwa dhati. Ndugu yake aliyekuwa akimwimbia sauti ya pili alipohamia Ohio kutafuta kazi ya kiwandani, aliomba akiwa amenishika mikono yote miwili, kisha hakuomba tena. Lakini kila Jumapili alinipeleka kanisani kwa lori lake, akabaki nje, dirisha wazi, hata baridi ya Januari ikimuuma masikio. Mimi nilidhani analala.

Saa tisa alasiri ukumbi ulijaa. Ilikuwa sinema ya zamani, viti vya mahameli vimechakaa, na kutoka nilipokaa nyuma ya pazia niliwaona watu wetu wengi wamechanganyika na wageni. Nilimwona Bi. Oma Sizemore wa kanisani kwetu safu ya tatu, mkoba mapajani, kaketi kama aliyekuja kutoa ushahidi. Kikundi kilifuata kikundi. Watu walipiga makofi, wakapiga na miguu. Mimi nilikuwa naomba umeme ukatike. Niliomba kweli kweli, Mungu anisamehe, hata nikamtajia nguzo ya kuangusha.

Zamu yake ilipofika, Paige alisema maneno mengi mazuri kwenye kipaza sauti, kisha akamwita. Orbin alisimama. Nikamshika kiwiko.

"Utaweka sahani?"

"Sahani yao waiweke kwao."

"Orbin, utakufa pale mbele."

"Kwani hapa nyuma nitaishi?"

Akauvua mpira puani, akanikabidhi, na kuondoka bila gitaa. Sikio la kufa halisikii dawa. Alitembea pima zile tano akipumzika kila baada ya hatua tatu, na watu, kwa kudhani ni mbwembwe za mzee, walizidi kushangilia. Alipokifikia kipaza sauti alikishika kwa mikono miwili. Estill aligusa nyuzi za banjo. Orbin akainua kidole: la. Estill akanyamaza. Nilimwona Paige upande wa pili akimpa ishara mtu wa mitambo asubiri.

Kisha mume wangu, aliyekaa lorini Jumapili zote zile, akautoa mstari.

"Njia ndefu nimeiacha nyuma, miguu yangu imechoka."

Aliutoa vile vile kama baba, haraka, kwa pumzi moja, akipandisha kidogo neno la mwisho. Halafu akasubiri.

Nilielewa papo hapo, na damu ikanichemka. Alikuwa amepata njia ya kuimba na mapafu yasiyoimba: pumzi ya mstari mmoja, kisha wengine wabebe, naye apumzike. Lakini wimbo ule ni wetu wa makaburini. Una mistari minane, na nimeusikia juu ya jeneza la mama yangu. Alikuwa ameukokota mpaka mbele ya watu waliokaa na soda mikononi.

Na hakuna aliyeitikia. Kosa lake lilikuwa hilo, naye hakuliona mapema kwa sababu yeye kwake wimbo ni wimbo. Wageni walidhani anasoma shairi, wawili watatu wakapiga makofi ya heshima. Watu wetu walijua wanachotakiwa kufanya, walijua barabara, lakini mtu aliyekata tiketi amekuja kusikiliza, na mtu wa kanisani haimbi la kaburini kwenye sinema. Bi. Oma aliinamisha uso akatazama mkoba wake. Ukumbi mzima ulinyamaza kwa adabu, na adabu ile ilikuwa inamuua.

Akarudia. "Njia ndefu nimeiacha nyuma..." Hakufika mwisho. Midomo yake ilikuwa imeanza kugeuka rangi ya zabibu. Hakugeuka kunitazama. Nadhani hilo ndilo lililonivunja. Angenitazama, ningepata la kukasirikia. Lakini alisimama pale ameng'ang'ania kile chuma, akimsubiri yeyote, kama alivyosubiri nje ya kanisa letu miaka arobaini bila kumsumbua mtu.

Sikumbuki kuamua. Nakumbuka mtungi ulikuwa mzito kuliko siku zote na gurudumu lake moja lilipiga kelele jukwaani. Nilimvalisha mpira puani, nikaugeuza ufunguo wa hewa mpaka mwisho, nikasimama ubavuni pake, mtungi nimeukumbatia kifuani. Taa zilinipiga usoni nikawa sioni mtu. Ilikuwa afadhali. Nikafungua mdomo nikaupokea ule mstari.

Niliimba peke yangu. Sauti ya mwanamke wa miaka sitini na mitatu, isiyo na ala chini yake, inaburuta neno moja kana kwamba hakuna mwenye safari. Nilipofika kwenye "imechoka" nilisikia mtu akiingia kutoka gizani, sauti kavu ya puani ninayoijua tangu utoto. Bi. Oma. Nyuma yake akaja mwanamume, kisha wengine kule juu roshanini, na neno lilipokwisha lilikuwa limebebwa na watu wengi.

Orbin alivuta hewa. Akautoa wa pili. "Mlango nauona mbele, na taa imeshawashwa." Safari hii ukumbi uliitikia. Wageni hawakujua maneno lakini walivuma chini kwa chini. Nilimsikia Estill nyuma yangu, sauti yake mbaya ya chura, analia na kuimba.

Mstari wa tatu. Wa nne. Kila tulipopokea, mimi nilikuwa nahesabu pumzi zake: mbili, tatu, nne, kisha mstari. Wa tano ulimchukua pumzi saba. Wa sita aliutoa vipande viwili, na watu wakavipokea vyote viwili kama vilivyo. Mkono wake ulitoka kwenye chuma ukanishika bega, na uzito wake wote ukaja na mkono.

"Orbin," nikamnong'oneza, "inatosha. Wamesikia."

Akatikisa kichwa. "Bado miwili."

Akafungua mdomo kuutoa wa saba. Midomo ilitembea. Nililiona neno la kwanza likiundwa, nililijua, lakini hapakuwa na hewa ya kulisukuma nje. Akajaribu tena. Watu walisubiri. Hapo hakuna awezaye kusaidia kwa kuimba, kwa sababu mstari usiotolewa haupokelewi. Ndivyo tulivyolelewa. Na kwetu anayetoa ni mwanamume, tangu babu wa babu zangu. Sijapata kumwona mwanamke akisimama kutoa.

Alinitazama. Hapo ndipo aliponitazama.

Nikautoa. "Nishike mkono, ewe Bwana, kivuli kinapofika." Ulinitoka kwa sauti ya baba yangu, mbio vile vile, na sikuona aibu hata chembe. Watu mia sita wakaupokea. Mimi sikuimba nao. Nilimgeukia mume wangu nikaweka sikio karibu na mdomo wake, na chini ya sauti zote zile nikaisikia yake, nyembamba, iko kwenye noti, inapokea nilichotoa mimi. Alikuwa anaimba. Alikuwa anaimba na mimi, na macho yake yalikuwa yale yale ya kwenye bango.

Walifika silabi ya mwisho wakaishusha polepole, wakanyamaza, wakaningoja. Ulibaki mstari mmoja. Kila mtu wa bonde letu anaujua, na kila mtu anajua kwamba baada yake jeneza hushushwa. Kidole cha Orbin kiligonga begani mwangu mara moja, kuniambia twende. Nilikuwa na pumzi tele kifuani, pumzi ya kutosha nyimbo mia. Ukumbi uliningoja, naye aliningoja, nami nikaendelea kuishikilia.