Gari Lililosimama kwa Ajili ya Jirani

Kwa nini mtu aliyevunjika mguu akapona, aliyeruhusiwa na daktari wiki sita zilizopita, na ambaye mahindi yake yanaiva bila mwenyewe kuyaona, akatae kurudi nyumbani kwake? Swali hilo lilitusumbua Migori Agosti nzima ya mwaka 1996. Nyanya Nyanchoka alikuwa Homa Bay kwa shangazi yangu Monicah, muuguzi, aliyekuwa akimtunza tangu mwezi wa Mei. Kila tulipotuma gari limchukue, lilirudi bila yeye, na salamu zilikuwa zilezile: "Bado kidogo." Baba mdogo Mokaya alikwisha kukata shauri kwamba mama yake ameharibiwa na samaki wa ziwani.

Mimi nilikuwa na maelezo tofauti. Nilikuwa mwaka wa pili wa chuo kikuu, na mwaka wa pili ndio mwaka ambao mtu huwa na maelezo ya kila jambo. Nyanya, niliwaambia, amemkosa mbwa wake. Amwone tu, atainuka na kurudi pamoja naye.

Mbwa huyo aliitwa Jirani. Nyanya alimpa jina hilo ili apate kumkemea jirani wa kweli kwa sauti kubwa bila kuitwa kwa chifu.

Niliiandaa safari yake kwa uangalifu, nikifuata maagizo ya rafiki yangu Pauline, anayesomea utabibu wa mifugo. Kwa siku mbili nilimzoeza Jirani kukaa ndani ya pikapu ikiwa imesimama. Nilimshonea mkanda wa kifuani, kwa kuwa mbwa aliyefungwa shingoni, akiruka ubavu wa gari, hujinyonga. Nilitandika magunia matupu, nikajaza maji mtungini, nikatia mkobani cheti cha chanjo ya kichaa cha mbwa.

"Amekunywa chai?" Baba mdogo aliuliza asubuhi ya safari, akiwa tayari ameketi mbele.

"Hajala kitu, baba mdogo. Akila kabla ya safari atatapika."

"Kumbe amefunga! Sisi Wasabato wa kuzaliwa tumekunywa uji vikombe viwili viwili, mbwa ndiye anayefunga."

Mwenye pikapu alikuwa Nicanor, aliyepeleka sukari nguru Homa Bay na kurudi na samaki. "Nyar yunivasiti," aliniita, yaani binti wa chuo kikuu, "huyu abiria wako analala chali ama ubavu? Niambie, nijue vile nitakata kona."

"Kata kona polepole tu. Na usimame Awendo."

"Awendo kuna nini?"

"Atashuka ajisaidie."

Walicheka mpaka Nicanor akashindwa kuwasha gari. Hata hivyo, Awendo alisimama. Jirani aliteremka, akaichunguza nguzo ya simu kama fundi aliyetumwa kuitengeneza, akafanya haja yake. Nicanor alivua kofia. "Mheshimiwa amemaliza? Tunaweza kuendelea?" Wauza miwa wa kando ya barabara wakampigia Jirani makofi.

Rongo tulisimama tena ili anywe maji. Kutoka hapo nilimkinga jua kwa leso yangu, mkono mmoja nimeushika mkanda wake. Tulipokaribia Homa Bay mate yakaanza kumtoka, nami nikagonga paa la gari mara moja. Nicanor akasimama papo hapo bila hata kuuliza. Nilijisikia fahari. Niliona kwamba binadamu hufundishika.

Nyanya alikuwa barazani kwa shangazi, fimbo imeegemezwa ukutani. Jirani alimfikia kabla yetu, akamlamba mikono, akazunguka kiti chake mara nne. Nilingoja Nyanya aseme turudi nyumbani. Hakusema. Alimpapasa mbwa mgongoni, kisha akakitazama kiganja chake.

"Hana hata vumbi," alisema.

"Atatoa wapi vumbi, mama!" Baba mdogo alidakia, akiona nafasi ya kunichokoza. "Mbwa wako amesafiri kama mkuu wa wilaya. Katandikiwa, kafunikwa leso. Mjukuu wako amemsimamishia gari mara tatu!"

Sote tulicheka, isipokuwa Nyanya.

"Mara tatu?"

"Tatu, mama."

Alimgeukia Nicanor. "Kumbe gari lako husimama."

Nicanor alivua kofia tena, safari hii bila mzaha.

"Mwezi wa tano mlinilaza juu ya magunia ya sukari nguru," Nyanya aliendelea kwa sauti ya kawaida, kama anayesimulia habari za sokoni. "Niligonga bati kutoka Awendo mpaka Rongo."

"Tulidhani ni mzigo unagongana, mama," alisema Baba mdogo.

"Mzigo uliokuwa ukiita 'Mokaya, Mokaya'?"

"Tulikuwa tunaimba, mama. Tulikuwa tunakuombea."

"Niliwasikia. Beti zote nne, na mliimba vizuri. Mimi nikaingia hospitali nimelowa kama mtoto, sisimizi wa sukari wakinifuata mpaka wodini."

Shangazi Monicah alianza kucheka, akajizuia, akaziba mdomo kwa upindo wa nguo.

"Lakini mama, mbona hukutuambia baadaye?" Baba mdogo aliuliza.

"Mzee kama mimi niwaeleze wanaume gari lilipaswa kusimama kwa sababu gani?" Kisha akanitazama mimi. "Na wewe, msomi wangu. Barua yako ya mwezi wa sita ilikuwa na kurasa mbili. Ukurasa mmoja na nusu uliniambia jinsi Jirani anavyokula."

Alitabasamu aliposema hivyo, na tabasamu lile liliniuma kuliko kama angefoka. Niliyaacha maelezo yangu, nikauliza.

"Ndiyo sababu hukutaka kurudi, Nyanya?"

"Kwangu nakutaka. Ni njia nisiyoitaka."

Jirani alikuwa amelala juu ya miguu yake, uliovunjika na uliobaki mzima, bila kubagua. Nilichuchumaa mbele ya kiti.

"Nisamehe, Nyanya. Kama ungesafiri, ungetaka nini?"

Alinitazama kama mtu asiyezoea kuulizwa.

"Dirisha," alisema. "Na mtu wa kusikia nikigonga."

Niliinuka, nikawageukia wote watatu.

"Jumapili Nyanya anarudi Migori," niliwaambia. "Atakaa mbele, dirishani. Nicanor, utasimama kila atakaposema, hata ikiwa mara kumi, na hakuna atakayeuliza kwa nini. Baba mdogo, wewe na mimi tutakaa nyuma na mbwa."