Ipi Haipo?

Eric aliliweka wazi mbele ya wachezaji wote: kanuni yangu mpya ya upelelezi ikishindwa leo, ramani inakunjwa na Jumamosi zetu zinarudi kwenye drafti. Aliyasema hayo akitafuna karanga. Afisa kilimo mzima, hana hata haya.

Mimi ni nesi, nimehamishiwa Tarime kutoka Bukoba, na chumba hiki nyuma ya duka la daftari pale Bomani ndipo pekee ninapoitwa Kokushubira, siyo "sista" tu. Mchezo wa meli na ndege niliubuni mimi. Ziwa limechorwa kwenye shuka, meli ni vizibo vya soda, na khanga inatundikwa katikati ili usione za mwenzako. Zamani ukirusha ndege ya upelelezi khanga ilifunuliwa ukaona kila kitu, basi aliyetangulia kurusha ndiye aliyeshinda. Upuuzi mtupu. Sasa mpelelezi anachungulia kufumba na kufumbua, kisha anamweleza kamanda wake kwa mdomo. Niliogopa. Wakininyang'anya mchezo huu, mji mzima hakuna atakayejua nisipokuwepo.

Mpelelezi wangu alikuwa Machage, mwalimu wa jiografia, Mkurya wa Nyamwaga. Alichungulia bandari ya Eric, akarudi.

"Umeona nini?"

"Meli zipo."

"Ngapi?"

Akakuna shingo. "Zipo za kutosha, dada."

Nikaamini meli zote zimelala bandarini, nikarusha ndege zangu zote isipokuwa moja. Kumbe nilizamisha vimashua vya doria tu, na mizinga yao ikaziangusha ndege zangu. Eric alicheka mpaka karanga zikampalia.

"Umebakiwa na zamu moja," alisema. "Halafu drafti."

Nilimgeukia Machage. "Mwalimu mzima, kuhesabu kumekushinda?"

"Kuhesabu naweza," alijibu, macho chini. "Ila nyumbani tulichapwa kwa kuhesabu mali ya mtu kwa mdomo. Ng'ombe wa mtu hawahesabiwi, dada. Mdomo umekataa wenyewe."

Hasira ilishuka, woga ukabaki. Nikawakumbuka akina mama wa kliniki: ukiwauliza wana watoto wangapi, wanakujibu "wapo".

"Sasa ng'ombe wakirudi jioni, baba yako anajuaje kama wametimia?"

"Anawaangalia tu. Anamwona asiyekuwepo."

Kabla ya mchezo tulikuwa tumeonyeshana vizibo vyote mezani. "Basi pale bandarini, ipi haikuwepo?"

Hakufikiri hata kidogo. "Ile nyekundu yenye ukingo uliopinda."

Eric akaacha kutafuna. Nyekundu ndiyo meli mama yake. Ikizama, mchezo umekwisha. Na bandari yake ina mlango mmoja tu, unaotokea nyuma ya kisiwa. Nikasogeza ndege yangu ya mwisho.

"Nyuma ya kisiwa. Napiga."

Eric akakichukua kizibo chekundu mwenyewe, akakitupa kwenye maganda ya karanga. "Kanuni ibaki," alisema. "Ila Jumamosi ijayo Machage ni wangu."

Jumamosi hiyo nilichelewa kutoka wodini. Nilikuta khanga imetundikwa, viti vimejaa, na hakuna aliyeanza.

"Mnangoja nini?" niliuliza.

"Muulize huyu Mkurya," Eric alinung'unika. "Namwambia watu wamejaa, tuanze. Kaangalia chumba, anasema kuna asiyekuwepo."

Niliinama nikajifanya natafuta kiti, maana machozi yalikuwa yamenitoka.